Aliyeshiba Haonji

Tarehe 6 Januari

Dada Mkubwa, mlezi wangu, mwenye kofi zito kuliko la askari,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama, kisha shemeji fundi cherehani na sindano zake zote, kisha wapwa wangu kwa mfuatano wa vimo vyao, kisha yule jogoo ikiwa bado hamjamla. Mimi mzima. Tena mzima ni neno dogo, nimenenepa mpaka mkanda umeomba likizo.

Dada, dunia nimeiona. Huku mtu akitaka kula anavaa viatu. Unaingia mkahawani, mwanamume mzima mwenye tai anakuvutia kiti kama vile wewe ndiye bibi harusi, halafu anakuletea kitabu cha vyakula. Shule mimi niliiacha kabla haijaniacha, unajua, lakini kitabu kile nilikisoma chote mpaka jina la mpiga chapa. Juzi nimekula samaki aliyeletwa na macho yake, ananitazama kama ananidai, na pembeni visu vitatu. Nikavitumia vyote nisionekane mshamba. Kimoja nilipakia siagi, kimoja nilikatia, cha tatu nilikuwa nakielekeza huku na huku nikizungumza.

Kazini hoteli nzima inanitegemea. Bila mimi hakuna sahani inayotoka jikoni. Mwambie Mama hivyo hivyo, kwa sauti, na jirani awe karibu.

Neno moja dogo tu. Mkuu wangu wa kazi amesikia sifa za maharage ya Mama. Ni yeye anayetaka kujua, si mimi, mimi nimeshiba. Mama anatia chumvi kiasi gani? Na anaitia wakati gani, kabla ya vitunguu au baadaye? Andika upesi, maana mtu huyu anasumbua.

Ni mimi kitindamimba wenu, mtu wa mahoteli.


Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika imelowa pembeni, lakini majigambo yote yamesalimika. Sisi wazima. Shemeji yako kifua kilimbana wiki mbili, sasa anashona. Mwanangu wa pili ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi bila kukusudia, tunacheka hata wakati wa sala. Jogoo tulimla. Pole.

Mama alicheka habari za visu mpaka akashika mbavu. Akaniambia nikujibu hivi: chumvi haipimwi. Wewe mwenyewe unajua, sijui kwa nini unauliza kama mgeni. Mama hajawahi kuonja chungu chake, kama ambavyo bibi hakuonja chake. Ulimi wa mpishi umeshalewa moshi, ndivyo wanavyosema. Anatia, anakoroga, anachota kidogo kwenye upawa, kisha anamwita mwenye njaa kuliko wote nyumbani aje aonje. Na mwenye njaa kuliko wote, miaka yote, alikuwa nani? Mimi nilimenya vitunguu tangu nikiwa na miaka sita na sikuitwa hata siku moja. Ukiwa uani unacheza, Mama anasema, "Njoo uonje," na wewe huyo, magoti yana vumbi, mdomo wazi kama kinda. Ukisema "imekolea," anaepua. Ukisema "bado," anaongeza. Kwa hiyo mwambie mkuu wako wa kazi kwamba kipimo cha chumvi cha nyumba hii kilipanda ndege na kikaenda zake.

Siku hizi chakula cha Mama kina chumvi nyingi kidogo. Ni umri. Hatusemi kitu, tunakunywa maji.

Anauliza likizo yako ni lini. Nami nauliza.

Dada yako.


Tarehe 15 Machi

Dada Mkubwa,

Nakusalimu hata kama umemla jogoo wangu bila aibu. Mpe pole shemeji, mwambie anywe maji ya moto na aache kukaa kwenye upepo wa dirisha akijifanya anatazama mawingu, tunajua anatazama wapita njia. Huyo mpwa mwenye mluzi mlindeni, hicho ni kipaji.

Ati Mama anazidisha chumvi! Mwambie huku matajiri wanalipa ili waletewe chakula cha namna hiyo. Ndani ya bahasha nimeweka vipakiti vitano vya chumvi ya hoteli yetu. Tazama vilivyo vidogo, vya karatasi, unararua pembe na kumwaga. Huku kila mtu mezani ana chumvi yake, hakuna anayemngoja mwenzake. Ndiyo maendeleo.

Likizo ni ngumu, Dada. Nikiondoka hata wiki moja jiko lile litalala. Tungoje msimu upite.

Ngoja nikuchekeshe. Kuna mkahawa mmoja mtaa wa nyuma, dirishani wameandika kwamba wanapika maharage kama ya nyumbani. Nikasema leo nawaonyesha mimi ni nani. Nikavaa shati la kola, nikakaa katikati kabisa. Maharage yakaja kwenye kibakuli cha kuoshea vidole, juu jani moja, na ndani, Dada, wametia sukari. Sukari! Nikatafuna kijiko cha kwanza, machozi yakanitoka. Mhudumu akaja mbio, "Bwana, kuna tatizo?" Nikamwambia pilipili imenikaba. Akachungulia bakuli, akanitazama. Hapakuwa na pilipili.

Chumbani kwangu sipiki. Mwenye nyumba ni mama mmoja mwenye pua ndefu, akisikia harufu ya kitunguu tu anagonga mlango. Lakini nina shida gani mimi ya kupika? Mtu wa mahoteli.

Kitindamimba.


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Watoto wazima, shemeji mzima, mimi mzima. Mvua imeezua bati moja la jiko, tumeliwekea jiwe. Chumvi yako ilifika. Mama ameifunga kwenye upindo wa nguo yake na haruhusu mtu aiguse. Nikimwambia tuitumie, anasema, "Ya mwanangu hii. Atakuja kuitia mwenyewe."

Sasa nisikilize, na usinijibu kwa mzaha.

Si umri tu. Anatia chumvi, anageuka kufunika ndoo, akirudi anatia tena, akikaa kidogo anatia tena. Hilo tungelimeza. Lakini tangu mwezi uliopita haepui. Maharage yanaiva, anachota kwenye upawa, anaunyoosha kuelekea mlango wa uani na kukuita. "Njoo uonje." Anangoja. Mchuzi unamdondokea mguuni, anangoja. Nikisema, "Mama, hayupo, yuko safari," ananijibu, "Basi atakuja akishaoga." Nikijaribu kuonja mimi anausogeza upawa. Nikiepua kwa nguvu analia, kisha hali. Chungu kimeungua mara tatu. Cha mara ya tatu kimepasuka. Hali, mdogo wangu. Mtu hawezi kula kitu ambacho hakijaonjwa, anasema, huo ni uchoyo.

Nimefikiri sana. Sauti yako anaijua hata ikipita mdomoni mwangu, barua zako akisomewa hucheka. Niandikie kikaratasi. Maneno machache tu, kama vile umesimama pale mlangoni. Nitamsomea kila siku wakati wa kuepua.

Au njoo.

Dada yako.


Tarehe 18 Mei

Dada,

Barua yako nilipewa na postamasta mchana, nikaisomea kwenye ngazi. Watu walinipita. Nimeisoma mara nne, na mara zote nne nilitafuta pale unaposema ulikuwa unatania.

Kikaratasi hiki hapa, nimekikata vizuri, nimeandika kwa herufi kubwa:

"MAMA, NI MIMI. NIMEONJA. IMEKOLEA. EPUA, TULE."

Msomee kama ninavyosema mimi, haraka haraka, mdomo umejaa. Hapo kwenye "tule" paza sauti.

Kuja siwezi sasa hivi. Msimu. Usiniulize zaidi. Na usije ukamwambia Mama kwamba mwanawe anasumbuka, maana hasumbuki. Mwambie nakula mara tatu kwa siku, nyama pande mbili, matunda yaliyokatwa kama maua, mpaka nasukuma sahani nasema basi, basi, jamani. Mwambie mwanawe hajui tena njaa inafananaje. Wakikutana njiani hawatasalimiana. Hilo litampa amani.

Wasalimie watoto. Lile bati mtafutieni misumari, jiwe litamwangukia mtu.

Kitindamimba.


Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu,

Tumeshapiga misumari. Watoto wazima.

Kikaratasi chako kilifanya kazi siku kumi na moja. Nazihesabu kama sikukuu. Nasimama nyuma ya mlango wa uani, Mama ananyoosha upawa, anaita, nami nasoma haraka haraka, mdomo nimeujaza kiazi ili sauti itoke kama yako. Shemeji yako aliniona siku ya kwanza akadhani nimepagawa. Mama anatikisa kichwa, anasema, "Haya," anaepua. Akala. Siku ya nne aliomba aongezewe.

Siku ya kumi na mbili walikuja wageni, watu wa karibu na duka. Shemeji yako, unajua anavyojivunia wewe, akatoa barua yako mfukoni akaisoma pale pale kwa sauti ya mkutano. Nyama pande mbili. Matunda kama maua. Mwanawe hajui tena njaa inafananaje. Wageni wakapiga makofi. Mimi nilikuwa kisimani, sikuwepo kumziba mdomo.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anachambua mchele. Akasikia yote. Akaendelea kuchambua. Jioni niliposoma kikaratasi alishusha upawa, akanijibu kwa sauti yake ya zamani kabisa, ile timamu:

"Aliyeshiba haonji. Aliyeshiba husema imekolea ili aachwe alale."

Akalirudisha sufuria motoni.

Tangu siku hiyo kikaratasi hakisikii tena. Anakunywa chai, tena kidogo. Mkono wake sasa nikiushika vidole vyangu vinakutana.

Shemeji yako analia akishona. Simlaumu, na wewe usimlaumu. Alisoma kilichoandikwa.

Mdogo wangu, sikuulizi unakula nini. Miezi sita nimesoma barua zako na nimekulea, najua ukijisifu una nini mfukoni. Nakuuliza jambo moja tu, na ulijibu kwa mkono wako ili nimsomee. Una njaa?

Dada yako.


Tarehe 8 Julai

Dada Mkubwa,

Salamu kwa wote. Mwambie shemeji asilie, atalowanisha vitambaa vya watu.

Ndiyo.

Nilikuambia bila mimi hakuna sahani inayotoka jikoni. Hiyo ni kweli, Dada, na katika barua zote labda ndiyo kweli peke yake. Mimi ndiye ninayeziosha. Nasimama kwenye sinki mbili kubwa mgongo ukiwa umeelekea chakula. Mlango una dirisha dogo la duara, pale ndipo nilipomwona yule mwenye tai akivuta viti. Kiti chenyewe sijakikalia. Samaki mwenye macho alirudi na upande mmoja mzima, aliyemwagiza alikuwa ameshiba, nikamla nimesimama, kwa vidole, mwenzangu wa masufuria akilinda mlango. Visu vitatu nilivitumia kweli. Niliviosha.

Kisa kile cha maharage ya sukari ni kweli pia. Nilijinyima wiki mbili ili nikae mezani kama mtu.

Ninakula, usiogope, sifi. Ila ninakula vya watu walioshiba, Dada. Mkate uliomegwa, wali wenye alama ya uma wa mtu mwingine. Tumbo linajaa. Hakuna aliyeniita.

Na likizo hakuna. Karatasi zangu za kukaa huku ziliisha mwaka jana. Mtu aliyesema atazishughulikia amehama na hati yangu ya kusafiria. Nikijitokeza nashikwa, nikijificha naosha sahani. Nilitaka kwanza niwe yule niliyemwandika, halafu ndiyo nije. Nilidhani Mama ananingoja mimi mnene.

Msomee hii:

"MAMA, NI MIMI KITINDA. SIJASHIBA. TANGU NIONDOKE SIJASHIBA HATA SIKU MOJA. NINA NJAA, MAMA. NIITE NIONJE."

Tarehe 27 Julai

Dada, naongeza chini hapa. Barua hii nilikwisha kuifunga, nikaibeba kwenye koti wiki karibu tatu. Kila nikipita sanduku la posta mkono unakataa. Nilikuwa nawaza wageni watakaosomewa. Nilikuwa namwaza yule jirani. Leo nimeitia. Nimeisikia ikianguka ndani. Nisamehe kwa kuchelewa, na umsomee upesi.


Tarehe 22 Agosti

Mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea.

Watoto wazima. Shemeji yako mzima.

Mama tulimzika tarehe kumi na moja, siku ya Jumapili. Barua yako imefika Alhamisi iliyofuata. Siku nne. Nakuandikia hesabu hii kwa sababu utaifanya mwenyewe, na afadhali uisikie kwangu: isingekaa kwenye koti, ingemkuta. Nimelisema mara moja, sitalisema tena maisha yangu yote, na mtu mwingine nyumbani humu halijui.

Sasa nikueleze siku ya mwisho aliyopika, maana hiyo ni haki yako.

Ilikuwa Ijumaa, asubuhi. Aliamka mwenyewe, akaniambia, "Washa jiko." Alikuwa hawezi kusimama, nikamwekea kigoda, nikamshika mgongo. Maharage yalipoiva akachota, akaunyoosha upawa mlangoni, akaita. Akangoja. Sikuenda nyuma ya mlango, sikuwa na nguvu za kujifanya wewe. Nilikaa pale pale chini miguuni pake. Kumbe naye alikuwa amechoka. Mkono ukashuka taratibu, upawa ukaja ukasimama mbele ya uso wangu. Akanitazama, mdogo wangu, kama mtu aliyeona chombo chake mwenyewe kwenye rafu ya jirani.

"Wewe umeshiba?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Nina njaa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na hukusema?" Akanisogezea upawa. "Haya. Onja."

Nikaonja. Nina miaka arobaini na tisa. Nikaonja.

Hayakuwa na chumvi hata punje. Alikuwa amesahau kabisa. Chumvi ilikuwa kwenye upindo wa nguo yake, anakutunzia. Nikamwambia, "Imekolea, Mama. Epua."

Akaepua. Alikula vijiko sita, nilivihesabu. Kisha akajaza sahani nyingine, akaifunika kwa bakuli, akaiweka pale dirishani ulipokuwa ukiikuta ukitoka kucheza. Akasema, "Huyo akija atasema imepoa." Akacheka peke yake. Tulimlaza. Hakuamka kupika tena.

Barua yako sikuisoma kaburini, palikuwa na watu. Niliisomea jikoni, jiko limezimika, haraka haraka, mdomo sikuujaza kitu.

Katika bahasha hii nakurudishia vipakiti vitatu vya chumvi. Viwili nimebaki navyo. Vilikuwa vimefungwa fundo ambalo ilibidi nilifungue kwa meno.

Usiandike kwamba umeshiba.

Dada yako.


Tarehe 30 Septemba

Dada Mkubwa, mama yangu uliyebaki,

Nakusalimu, na shemeji, na wapwa. Sina cha kuchekesha.

Vipakiti nilivitambua. Kimoja kilikuwa na kidoa cha mafuta cha kidole changu mwenyewe. Vilitoka kwenye hoteli hii, vikafika kwa Mama, vimerudi kwenye hoteli hii hii. Vimesafiri kuliko mimi.

Baada ya chakula cha mchana jiko letu hupoa saa mbili nzima. Nilimwomba mpishi anipe jiko moja la pembeni, akanitazama mikono iliyokunjamana kwa maji, akasema chukua. Nikapika maharage. Vitunguu nilimenya mwenyewe, ndiyo nimejua kazi uliyokuwa ukiifanya. Nikararua kipakiti kimoja nikatia. Nikachota kwenye kijiko kikubwa.

Halafu nikakwama. Dada, nilijua kuonja toka sijui kutembea vizuri, na kijiko nilikishika mwenyewe, na sikuweza. Sikuitwa. Nilisimama pale mvuke unaniingia machoni. Mwenzangu wa masufuria alikuwa anafunga viatu mlangoni. Ni mtu wa mbali kuliko mimi, hatuelewani maneno ishirini. Nikamnyooshea kijiko. Nikamwambia kwa lugha yetu, maana nyingine haikunijia, "Njoo uonje."

Nikamgusa tumbo kumuuliza. Akaelewa. Akatikisa kichwa kuonyesha hajala kitu tangu asubuhi. Akapuliza, akaonja, akafumba macho muda mrefu. Kisha akafanya vidole hivi, kama mtu anayebana punje. Bado. Nikararua cha pili, nikatia. Akaonja tena, akanipiga bega.

Nikaepua. Tulikula tumekaa, Dada, juu ya makreti, bakuli mbili. Cha tatu ninacho kwenye shati.

Nimekwenda kwa watu wanaosaidia walioishiwa karatasi. Nimetoa jina langu la kweli na kazi yangu ya kweli, mwoshaji sahani. Wamesema itachukua miezi, labda mwaka, na nikishatoka huku sitarudi tena. Nikasema andika.

Sahani ile ya dirishani najua mlishaiosha. Usiniambie lini.

Siku nitakayobisha hodi usiniulize safari, wala usiwaite majirani. Washa jiko. Pika kama alivyopika siku ile, usitie kitu. Kisha nyoosha upawa mlangoni uniite, hata kama nimesimama mbele yako. Chumvi nitakuja nayo.

Nina njaa.

Kitinda.